Wimbo Umfuate Mtoto

Mzazi anayeanza kumtafutia mtoto mwalimu wa kuimba huuliza kwanza habari za aina ya muziki. Anafundisha Bongo Fleva, au ni mtu wa kwaya tu? Ana studio? Kuna msanii aliyewahi kutoka mikononi mwake? Maswali hayo niliyabeba kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa, na leo nikiyatazama naona yote yalizunguka uani bila kuingia ndani. Mwalimu wa Bongo Fleva anaweza kumharibu mtoto anayependa Bongo Fleva, na mwalimu wa kwaya asiyejua hata jina la msanii kama Zuchu anaweza kumsaidia, au kinyume chake. Kinachowatenganisha ni jambo dogo la ufundi ambalo mzazi asiyejua nota anaweza kulishuhudia kwa macho na masikio yake siku ya kwanza: mwalimu akipewa wimbo anaoupenda mtoto, je, atauhamisha wimbo umfuate mtoto, au atamvuta mtoto aufuate wimbo? Wapiga kinanda wa makanisani husema kushusha au kupandisha kii. Hilo ndilo neno ambalo mzazi anapaswa kulitegea sikio, na karibu kila nililojifunza kuhusu jambo hili limejificha humo.

Tuanze na koo lenyewe. Nyuzi za sauti za mwanamume mzima hukaribia urefu wa sentimita 2. Za mwanamke ni fupi kuliko hizo, na za mtoto wa miaka 8, awe wa kike au wa kiume, ni fupi zaidi, tena tabaka zake bado ni changa na hazikomai mpaka baada ya kubalehe. Ile noti ambayo wapiga ala huitumia kupatanisha vyombo vyao ina mitikisiko 440 kwa sekunde, maana yake nyuzi za anayeiimba hukutana na kuachana mara 440 katika muda wa kupepesa jicho mara mbili tatu. Mtoto wa umri huo huimba kwa raha katika eneo dogo, tangu karibu na C ya katikati ya kinanda hadi noti nane hivi kwenda juu. Sasa chukua wimbo wowote wa msanii wa kike unaovuma. Mara nyingi beti zake zimewekwa chini, kifuani, pale ambapo mwanamke mzima huimba kana kwamba anamnong'oneza mtu, kisha kiitikio kinapaa. Mtoto akiufuata ulivyo, kwenye beti anazama mpaka sauti inageuka mkoromo, na kiitikio kikifika anafidia kwa kupiga kelele. Wimbo wa mwanamume una balaa lake jingine: mtoto huuimba oktava moja juu, na pale mwanamume alipofika kileleni yeye anakuta ngazi zimekwisha. Hapo ndipo unapoona kidevu kikinyanyuliwa, mabega yakipanda na mishipa ya shingo ikijichora. Wageni sebuleni hupiga makofi, maana jitihada ya mtoto inapendeza kuitazama. Nyuzi zenyewe hazipigi makofi. Watoto wanaopiga kelele sana na kulazimisha sauti huota vinundu vidogo kwenye nyuzi hizo, na hiyo ni sababu ya kawaida kabisa ya sauti ya mtoto kukwaruza. Mkwaruzo ukidumu wiki mbili tatu ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo, si ya tangawizi na asali.

Jambo la pili nililochelewa kulielewa ni kwamba mtoto anayemwiga msanii anaiga mtu pamoja na mitambo. Kurekodi kwa umeme kulipoanza mwaka 1925, mwimbaji aliacha kulazimika kuijaza sauti ukumbini. Aliweza kunong'ona mbele ya kipaza sauti na akasikika nchi nzima, na muziki wote wa pop umejengwa juu ya ruhusa hiyo. Mwaka 1997 ikaja Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti, na mwaka mmoja baadaye Cher akaitumia waziwazi katika wimbo wake Believe, hata kosa la mashine likawa pambo. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo husikia ile kona kali ya noti kama sehemu ya kuimba, na hujaribu kuitengeneza kwa koo tupu. Prodyuza naye hurekodi mstari mmoja mmoja, hukata pumzi na kuunga vipande, ndiyo maana mtoto huamini kwamba waimbaji wazuri hawavuti hewa. Katika singeli, yenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, hata watu wazima huhema. Kwa hiyo anayesema mtoto "afuate tu kama kwenye wimbo" anamtaka ashindane na kompyuta, na koo la miaka 8 halijawahi kuishinda kompyuta.

Ukitoka nje kutafuta, unakuta nchi zetu za Afrika Mashariki hazina upungufu wa mahali pa kufundishia vipaji. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Dar es Salaam kulijengwa THT, Nyumba ya Vipaji iliyohusishwa na jina la Ruge Mutahaba, ambamo walipita Barnaba, Linah na Nandy. Temeke, Said Fella alikuwa na kituo cha Mkubwa na Wanawe, na hapo likatoka kundi la Yamoto Band walimokuwamo Aslay pamoja na yule tunayemwita leo Mbosso. Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kukaa kwa muda mrefu katika jumba la zamani la forodha pale Mizingani. Huko taarabu, kidumbaki na jazi vilifundishwa chini ya paa moja, na Siti Amina wa Siti and the Band alisomea huko. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, bila kusahau tamasha la muziki la shule ambalo lilianza 1927 na bado linawakusanya wanafunzi wa Kenya kila mwaka. Orodha hiyo inatia moyo mpaka unapoitazama kwa jicho la mzazi wa mtoto mdogo. Vituo kama THT na Mkubwa na Wanawe vilikusudiwa kumwandaa kijana kwa soko, ili siku moja atoke, kama tusemavyo. Wimbo ni bidhaa, na kijana hujipinda ili bidhaa itimie. Mtoto wa miaka 8 hana cha kutokea. Ana miaka kumi ya kubadilika mbele yake, na akiwa wa kiume sauti yote itavunjika katikati ya safari na kuanza upya.

Ndiyo maana naiogopa zaidi studio ya mtaani kuliko mwalimu dhaifu. Mwenye studio hana nia mbaya. Kazi yake ni kurekodi, na anayemletea sauti atairekodi. Ndani ya wiki mbili mtoto ana wimbo wake, picha yake ipo kwenye simu za mashangazi wote, na kuanzia hapo kila somo linakuwa maandalizi ya wimbo wa pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto akisifiwa mapema huacha kujisikiliza. (Hapa niongeze la usalama kwa kifupi, maana halina mjadala: mtoto hafungiwi chumba cha kurekodia na mtu mzima peke yake. Mzazi akae ndani, na mwalimu anayekereka kwa hilo amekwisha kujieleza.)

Aliyenishangaza kwa ubora ni mwalimu wa kwaya, yule ambaye wapenzi wa Bongo Fleva humwona wa kizamani. Sababu imo katika nota anazotumia. Solfa, ile do re mi iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, ina tabia moja nzuri: do haina makao ya kudumu. Inaweza kuanzia popote, na noti nyingine zote zinahama pamoja nayo. Mwalimu aliyelelewa katika utaratibu huo hutoa sauti ya kuanzia kwa mdomo, husikiliza waimbaji, akiona wanakabwa husema tu "tuanze chini kidogo." Anafanya hivyo bila kufikiri, kama mpishi anavyoonja chumvi. Haishangazi kwamba Sauti Sol, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 2005 na ambalo watatu kati ya wanachama wake walikutana shuleni Upper Hill, lilianza kwa kuimba bila ala. Mtu aliyezoea kuimba bila ala hajui wimbo uliopigiliwa misumari katika kii moja. Hata hivyo kwaya si dawa ya kila kitu. Kii inayowafaa watu arobaini haimfai lazima huyu mmoja, na kwaya inayojiandaa kwa Pasaka inahitaji sauti kubwa Jumapili ijayo, haina subira na mtoto anayejifunza kuvuta pumzi. Upande wa pwani wapo watakaosema madrasa na kaswida zinatosha. Ni kweli kwamba mtoto aliyefundishwa tajwidi amejifunza kurefusha pumzi na kutamka herufi kwa usafi ambao waimbaji wengi wa redio hawaufikii, na ustadhi mzuri huanzisha kaswida mahali ambapo watoto wanapamudu. Ila madrasa haikuwekwa kwa ajili ya muziki, na kumpeleka mtoto huko ili aje aimbe Bongo Fleva ni kuwakosea adabu waalimu wake. Akiupata ujuzi huo kwa njia yake, alhamdulillahi. Usifanywe kisingizio cha kutomtafutia mwalimu.

Pingamizi linalorudi kila mara ni kwamba kipaji hakifundishwi, na ushahidi unaoletwa ni mwimbaji Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka. Hakukaa darasani. Alimsikiliza Siti binti Saad, akakulia katika ngoma za unyago, na mpaka alipofariki Aprili 2013 hapakuwa na mwalimu aliyeweza kudai sauti ile ni kazi yake. Ushahidi huo ni mzito, siwezi kuupuuza. Lakini tumtazame huyo Siti aliyesikilizwa. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu huku akiviita kwa sauti, na watu walikuwa wakiijua sauti yake kabla hawajamjua yeye. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema kipaji kinamtosha ni huyo. Alipohamia mjini mwanzoni mwa karne iliyopita alikaa chini ya Muhsin Ali, mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu ya tangu 1905, akafundishwa kuimba. Kisha ndipo mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na mwalimu alijifunza kwa mtu aliyekuwa naye. Tena Bi Kidude hakuwa akisikiliza sahani za santuri zilizofungwa katika kii moja. Alisikiliza watu hai, waliobadili mahali pa kuanzia kufuata koo la siku hiyo, na ngomani yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha wimbo pale alipoutaka. Shule yake ilikuwa na lile jambo ninalolitetea, bila jina. Mtoto wa leo mwenye simu na spika ya bluetooth ana vipaji vyote vya Bi Kidude isipokuwa ruhusa hiyo.

Lipo pingamizi la upande wa pili, la watu wa mitihani na vyeti, kwamba mtoto aanze na muziki wa kiklasiki, pop atajifundisha mwenyewe baadaye. Nalikubali nusu. Pumzi, sikio na matamshi havina kabila, na mtoto anayeyapenda masomo hayo ayasome kwa moyo mmoja. Ila sauti ya kiklasiki ilijengwa kwa ajili ya kuvuka okestra bila kipaza sauti, na pop imejengwa juu ya kipaza sauti. Vokali hufinyangwa tofauti, sentensi hukatwa tofauti, hata kosa ni tofauti. Anayemwambia mtoto asubiri miaka mitano kabla ya kugusa wimbo anaoupenda anamfundisha kwamba nyimbo zake ni aibu, na mtoto mwenye akili atahitimisha kwamba somo ni jambo moja na kuimba ni jambo jingine. Atafanya mazoezi ya mwalimu mbele ya mwalimu, kisha ataenda kupigia kelele kiitikio chumbani, kwa namna ileile iliyomleta darasani.

Maneno ya nyimbo ni suala zito zaidi, na hapa mzazi ana kauli ya mwisho. Nyimbo nyingi za mapenzi tunazozicheza sebuleni ziliandikwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake, wakati huo watoto wengi walikuwa wameshaukariri. Wapo waalimu wanaotatua hili kwa kuandika maneno mapya ya heshima juu ya mahadhi yaleyale. Siupendi ufundi huo. Mtoto anayajua maneno ya awali, kwa hiyo kila anapoimba la heshima kichwani analisikia lile jingine, na mchezo wote unakuwa wa kukonyezana. Bora mahadhi yaimbwe kwa "la la la" kama zoezi, yaani kwa masikio na pumzi tu, na maneno yatafutwe katika wimbo mwingine ambao mtoto anaupenda na haumkeri mzazi. Nyimbo hizo zipo nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba tunazisikia zote kama kelele moja.

Pingamizi gumu kuliko yote hutoka kwa mtoto mwenyewe. Mwalimu anahamisha wimbo, anaupiga noti tatu juu, na mtoto anakunja uso: "Siyo hivyo." Kwake wimbo ni ule wa redioni, na uliohamishwa umevaa nguo za mtu mwingine. Wazazi wengi, na waalimu wengi pia, huliona hilo kama ukaidi na kumrudishia kii ya msanii ili amani ipatikane. Mimi nimefika mahali pa kuliona kama habari njema kuliko sifa zote za wageni. Mtoto aliyetambua kwamba wimbo umehama, bila kuambiwa, ana sikio, na sikio ndilo linalochelewa kufundishika. Mwenye sauti tamu asiyesikia tofauti hiyo ana safari ndefu zaidi. Mwalimu anayejua kazi hubishana na mtoto kwa heshima: husogea nusu toni, husikiliza, husogea tena, mpaka wafike mahali ambapo mtoto bado anautambua wimbo wake na shingo yake imelala. Wakati mwingine ni nusu toni mbili tu. Wakati mwingine haiwezekani, na mwalimu anasema huu tuuweke, tutaurudia ukiwa na miaka 12. Kusogeza kwenyewe hakuna gharama: kinanda cha bei ndogo kina kitufe cha kuhamisha kii, na zipo programu za simu zinazohamisha hata biti ya wimbo wenyewe, ngoma na besi vikabaki vilevile.

Simu, basi, ina nafasi yake, ingawa si ile tunayoipa. Video za mazoezi zimejaa YouTube na nyingine ni nzuri kweli. Zipo hata programu zinazochora mstari wa noti kuonyesha kama mwimbaji amepanda au ameshuka. Kinachokosekana ni jicho. Mstari unaweza kuwa sahihi kabisa huku mtoto amekaza taya na kuvutia hewa mabegani, na simu itampa nyota tano. Nusu saa kwa wiki na mtu anayemtazama huzaa kuliko saa kumi za mstari huo, na kwa umri huu nusu saa inatosha. Ukizidisha, dakika za ziada huliwa na uchovu.

Siku ya kwanza, basi, sipeleki maswali mengi. Namwomba mwalimu amsikilize mtoto akiimba wimbo wake bila biti, bila simu, akianzia popote atakapo. Watoto wakiachiwa wenyewe, mara nyingi huanzia mahali panapowafaa, na mwalimu mwenye sikio hukimbilia kinanda kuitafuta noti hiyo kabla haijasahaulika. Mwingine husubiri mtoto amalize, kisha hufungua simu na kuweka wimbo wa asili ili "amwelekeze." Huyo namshukuru, namlipa nauli yake kama alikuja nyumbani, na tunaendelea kutafuta. Yule wa kwanza bado yuko kwenye kinanda, anagusa noti moja, anamtazama mtoto. Mtoto anatikisa kichwa, mwalimu anagusa nyingine.